Mmeingia wawili thieta moja siku moja, mmoja anapona, mwingine kidonda kinatoa usaha: ni uchafu, ni umaskini au ni hospitali?

#1 Kipimajoto

Heshima kwenu wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Niko hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, kwenye ile kamati ya kukinga maambukizi ambayo watu huikumbuka siku wakaguzi wanapokuja. Kwenye vikao vyetu idadi ya vidonda vyenye usaha ikipanda, jibu linatoka kabla hata msomaji wa taarifa hajakaa: "Wagonjwa wetu hawajui usafi, ndugu wanajazana wodini, elimu ndogo." Tunaingia ajenda inayofuata.

Kwamba hali ya mtu ina mchango, sikatai. Umri, kipato, elimu, umbali wa nyumbani, lishe, vyote vinaonekana kwenye takwimu za maambukizi ya hospitalini popote yanapohesabiwa. Ninachobisha ni namna tunavyovisoma. Kipato kidogo hakiingii kwenye mshono chenyewe. Lazima kipite mahali, na nikifuatilia mahali penyewe mara nyingi najikuta nimerudi ndani ya jengo letu.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Ni maambukizi ambayo mgonjwa hakuja nayo. Kwa kawaida tunahesabu yanayojitokeza kuanzia saa 48 baada ya kulazwa, na kidonda cha upasuaji hufuatiliwa hadi siku 30. Mshono, mkojo wa aliyewekewa mpira, nimonia ya aliye kwenye mashine ya kupumulia, damu ya kichanga aliyechomwa kanula, ile sindano ya dripu, kila mkono. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, nchi tajiri 7 hupata walau ambukizo moja, nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Na katika kila 10 wanaoambukizwa, mmoja hufariki.

Sasa ya kwetu. Bugando, hospitali ya rufaa Mwanza, utafiti uliochapishwa 2011, wagonjwa wa upasuaji 250: asilimia 26 vidonda vilipata maambukizi. Vilivyohusishwa ni ugonjwa mwingine aliokuwa nao mgonjwa kabla, uvutaji sigara, upasuaji uliozidi saa tatu, mrija wa kutoa majimaji, na ngozi kusafishwa kwa iodini peke yake. Hesabuni wenyewe vingapi ni vya mgonjwa na vingapi ni vyetu. Mwaka 2014 ukatoka mwingine hapohapo, wa kina mama waliojifungua kwa upasuaji: karibu asilimia 11. Safari hii wakakuta presha ya mimba, upungufu mkubwa wa damu, kupimwa njia mara nyingi, upasuaji kuchukua muda mrefu, na mpasuaji kuwa daktari aliye mafunzoni au mchanga kazini.

Upungufu wa damu na presha utaniambia ni vya mama. Sawa. Na kupimwa njia mara nyingi? Mama hakujipima. Alianzia zahanati, akapimwa, akapelekwa kituo cha afya, akapimwa, akafika kwetu chupa imepasuka tangu jana, wakampima watatu kwa sababu kuna wanafunzi. Anayekaa mita mia tano kutoka hospitali ya mkoa hapiti njia hiyo. Kwenye karatasi tutaandika "mkazi wa kijijini", kana kwamba kijiji ndicho kilichovaa glavu.

Naomba maoni, hasa ya walio wodini.

#2 Mla Bata Mstaafu

Nimeweka kiti. Leteni kahawa.

#3 Seremala wa Buguruni

Mkuu unazunguka mbuyu. Mimi nimemuuguza baba yangu mwaka jana, wodi ya wanaume, sitaitaja hospitali. Chini ya kila kitanda kuna mtu amelala. Masufuria ya ugali, ndala zilizotoka chooni zinapanda hadi kwenye godoro, mtoto anatambaa sakafuni, bibi anatema mate kwenye beseni. Halafu mnataka kidonda kipone? Hao wasomi wenu wangelala pale usiku mmoja tu wangeandika utafiti wa ukurasa mmoja: fukuza ndugu, piga deki, kwisha.

#4 Dada wa Zamu

Kaka yangu Seremala, ulichokiona ni kweli na mimi nakiona kila siku. Ila nikuulize, wewe pale chini ya kitanda cha baba ulikuwa unafanya nini?

Nitajibu mimi. Ulikuwa unamgeuza asipate vidonda vya mgongo. Ulikuwa unamwaga mkojo wa mfuko. Ulimlisha, ulimfuta, ulimkimbilia nesi dripu ilipoisha. Hizo zote ni kazi za wodi. Usiku niko peke yangu na wagonjwa ambao kwa haki wanahitaji manesi wanne. Nikiwafukuza ndugu saa mbili usiku, asubuhi nitakuta watu wamelowa.

Kwa hiyo ndugu ni mfanyakazi wangu. Tofauti ni kwamba mimi nilifundishwa lini nioshe mikono, yeye hakufundishwa, na hata akifundishwa sinki liko mwisho wa korido na bomba lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Na kuna jambo ambalo takwimu hazilishiki. Yupo mgonjwa asiye na mtu. Katoka mbali, au familia imeishiwa nauli, au ni mzee aliyesahauliwa. Huyo anahudumiwa na ndugu wa kitanda cha jirani. Binti wa watu anamfuta mama yake, anamwonea huruma bibi wa pembeni, anamfuta na yeye, kwa kitambaa kilekile. Utu mtupu, na vimelea vinahama kitanda. Utamlaumu binti?

Wodi ya kulipia hayo hayapo. Chumba ni chako, choo chako, sinki lako. Wodi ya kawaida, hasa ya wazazi, siku zikijaa wanalala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kila mmoja na kichanga chake. Ukija baadaye na hesabu zako utasema "wenye kipato cha chini wana maambukizi zaidi". Ndiyo, maana ndio waliolazwa wawiliwawili.

#5 Kipimajoto

Dada wa Zamu umemaliza nusu ya uzi wangu.

Seremala, hoja yako ya uchafu wa wagonjwa ina umri mkubwa, na ilishapimwa vizuri kuliko ambavyo mimi au wewe tungeweza. Vienna, miaka ya 1840, hospitali kuu ya mji. Kulikuwa na kliniki mbili za uzazi za bure, wateja wake wanawake maskini ambao malipo yao yalikuwa miili yao kutumika kufundishia. Kliniki ya kwanza wanafundishwa madaktari, ya pili wakunga. Mama alipangiwa kliniki kulingana na siku aliyofika. Kwa hiyo ni maskini walewale, mtaa uleule, jengo moja. Mwaka 1846 kliniki ya kwanza walikufa asilimia 11.4 ya wazazi, ya pili asilimia 2.8. Wanawake walishajua, walikuwa wanapiga magoti wasipelekwe ya kwanza, wengine waliona heri wajifungulie njiani, na hao wa njiani homa ya uzazi iliwapata mara chache.

Semmelweis, daktari wa kliniki ya kwanza, alipogundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja leba, mwezi Mei 1847 akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 kliniki ya kwanza vifo vikawa asilimia 1.27, ya pili 1.33. Umaskini wa Vienna ulibaki palepale.

Kabla ya hapo waliandika sababu za kila namna: hewa ya mji, msongamano, hata aibu ya mwanamke asiye na mume. Ukisoma orodha ile kisha ukasoma mihtasari ya vikao vyetu unaweza kucheka, kama huna zamu usiku huo.

#6 Mie wa Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Mwenyewe si daktari, niliwahi kufanya kazi ya uandishi wa data, lakini hii habari yatuhusu sana kwa sababu hospitali yetu ya Kilifi ndiyo mojawapo ya chache Afrika zilizohesabu jambo hili kwa miaka mfululizo, tangu 2002 mpaka 2009, upande wa watoto. Kila mtoto anayelazwa anatolewa damu ya kuotesha maabara kuona kama ina bakteria, kwa hiyo yajulikana aliyekuja na wadudu na aliyewapatia ndani.

Waliopata bakteria wa damu hospitalini walikuwa kama sita kwa kila watoto elfu. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini katika hao, asilimia 53 walifariki. Waliokuja nao kutoka nyumbani walifariki asilimia 24. Wasiokuwa nao kabisa, asilimia 6.

Na nani aliyepata? Mtoto mwenye utapiamlo mkali hatari yake ilikuwa mara mbili na nusu. Mtoto aliyeongezewa damu, karibu mara tano. Sasa fikirieni mtoto wa bara huko Ganze mwaka wa ukame. Amekonda, kinga imeshuka. Malaria yamla damu, inabidi aongezewe. Matibabu ya utapiamlo yachukua wiki, si siku mbili. Basi hali ya nyumbani kwao imempa udhaifu, imempa sindano nyingi, imempa na siku nyingi za kukaa. Vyote vitatu kwa mpigo.

Jengine mlilolisahau ni deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu kuhusu akina mama waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, baada ya kujifungua kwa kukosa pesa za kulipa. Mmoja wao alikuwa akilala sakafuni karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Mahakama ikasema kuwazuia vile ni kinyume cha haki zao. Mie nilipoisoma nilifikiria jambo moja: mwenye pesa huruhusiwa siku ya tatu, asiye nazo hubaki, na kila siku ya ziada wodini ni nafasi nyengine ya kuambukizwa. Hapo mdudu hata hakuhitaji umaskini wa mwili, risiti pekee yatosha.

#7 Mbeba Boksi

Wakuu msidhani huku mbele ni peponi. Mimi nafanya kazi kituo cha kusafisha damu wagonjwa wa figo, Marekani, jimbo silitaji. Mashine zinang'aa, sakafu unaweza kulia chakula. Lakini CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walitoa taarifa Februari 2023: mgonjwa wa kusafishwa damu ana uwezekano mara 100 zaidi ya mtu wa kawaida wa kupata bakteria aitwaye stafilokoka kwenye damu, na Walatino hatari yao ni asilimia 40 juu ya Wazungu. Weusi peke yao ni kama theluthi ya wagonjwa wote wa huduma hii, wakati kwenye idadi ya watu hawafiki hata asilimia 15.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama mrija. Njia salama ni kuunganishiwa mishipa miwili mkononi, na hiyo inahitaji upasuaji uliopangwa miezi kabla na muda wa kukomaa. Anayepata hiyo ni yule aliyekuwa na bima, akawa na daktari wa figo, akaambiwa mapema. Aliyeanguka kazini na kukimbizwa dharura figo zimeshakufa anawekewa mrija shingoni au kifuani waanze usiku uleule, na mrija ndiyo barabara kuu ya bakteria kwenda kwenye moyo. Halafu huo "wa muda" anakaa nao mwaka.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi. Hapa kwetu maji yapo, sabuni ipo, glavu za kumwaga. Tofauti bado ipo, ila imehamia kwenye nani alionwa mapema na nani alichelewa.

#8 Seremala wa Buguruni

Nimewasoma. Dada wa Zamu umenipiga penye mshipa, sina ugomvi, kweli nilikuwa namgeuza mzee. Lakini mnataka kumtoa mgonjwa kwenye lawama kabisa. Sigara kwenye utafiti wa Mwanza nani alivuta, daktari? Na mnaongea umaskini tu, umri je? Baba yangu ana miaka 78, kitanda cha pembeni kijana wa bodaboda mguu umevunjika, kijana aliondoka mzima, mzee akapata nimonia.

#9 Kipimajoto

Sigara ni ya mgonjwa, sina la kubisha. Sukari isiyodhibitiwa nayo, kwa sehemu.

Umri ni wa kweli na una umbo la kipekee: hatari iko juu miisho miwili, vichanga na wazee. Mzee kikohozi chake hakina nguvu ya kutoa makohozi, ngozi ni nyembamba, mara nyingi ana mpira wa mkojo. Kichanga, hasa njiti, kinga haijajengeka, na ngozi yenyewe haijakomaa. Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walifuatilia watoto wenye bakteria wa damu, wa hospitalini na wa nyumbani kwa pamoja: zaidi ya theluthi walifariki, na waliokuwa na vimelea vyenye kimeng'enya cha kuvunja antibayotiki kali walifariki asilimia 71. Vimelea vya aina hiyo, Klebsiella na jamaa zake, vinapenda wodi za vichanga.

Lakini tazama ajabu hii. Utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika uliotoka 2018, nchi 25, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wastani wa dunia na wenye magonjwa machache zaidi. Kwa umri tulipaswa kushinda. Vifo baada ya upasuaji vikawa maradufu ya wastani wa dunia, na tatizo lililoongoza baada ya upasuaji lilikuwa maambukizi. Hapo umri ulikuwa upande wetu na bado tumepoteza.

#10 Mama Njiti

Naomba niongee kama mgonjwa. Mimi ndiye yule aliyepimwa njia na kila mtu. Uchungu ulianza usiku, zahanati wakasema njia haifunguki, asubuhi kituo cha afya, mchana gari ikapatikana, jioni nikapasuliwa. Mtoto alikuwa wa miezi saba na nusu, yuko hai, anasumbua darasa la pili sasa hivi.

Niliruhusiwa mshono ukiwa mkavu. Nyumbani siku ya tisa ukaanza kutoa maji, kisha harufu, kisha ukaachia upande mmoja. Kurudi hospitali ni bodaboda halafu basi, na mtoto wa kumbeba kifuani. Pesa ilikuwa ya maziwa. Mama mkwe akanikanda na maji ya chumvi, jirani akaleta vidonge vya duka la dawa, nusu dozi. Nilipona baada ya muda mrefu. Hospitali niliyopasuliwa mpaka leo inajua nilitoka salama.

Swali langu kwa Kipimajoto: kwenye hizo hesabu zenu mimi nipo?

#11 Kipimajoto

Haupo, dada. Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote.

KCMC, hospitali ya rufaa Moshi, walipofuatilia wagonjwa wa upasuaji mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona karibu mmoja kati ya watano anapata maambukizi ya kidonda, na katika hao zaidi ya theluthi dalili zilijitokeza baada ya kuruhusiwa. Kama hospitali inahesabu walio vitandani pekee, hao wote ni hewa. Sasa nani anaweza kurudi kuonyesha kidonda? Mwenye nauli. Hivyo anayehesabiwa ni wa mjini, anayepotea ni wa mbali, na taarifa inaweza hata kuonyesha kwamba watu wa mbali wanapona vizuri.

Rwanda, hospitali ya wilaya ya Kirehe, walilifanyia kazi hilo. Waliwarudisha kina mama waliojifungua kwa upasuaji wakaguliwe baada ya kutoka. Wakapata karibu asilimia 11. Na kati ya vitu vilivyohusishwa na maambukizi kulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 75, kusafishwa ngozi kwa dawa ya aina moja badala ya mbili, na nauli: mama aliyelipa zaidi ya kama euro moja kufika kituo cha afya alikuwa na hatari zaidi ya mara mbili. Mama wa nyumbani naye akawa na hatari kuliko mkulima.

#12 Bwana Hesabu

Uzi mzuri, ila mnaanza kukimbia. Nimesomea takwimu, niruhusuni nimwage maji kidogo.

Huyo mama wa nyumbani wa Kirehe msimwekee nadharia. Wanawake ni mia sita na kitu, walioambukizwa ni sabini hivi, ukiwagawa kwa kazi, uzito, nauli na aina ya dawa, kila kisanduku kinabaki na watu wachache. Nauli inaingia akilini kwa sababu inaungana na mambo mengine tunayoyajua. Kazi ya mama inaweza kuwa bahati tu ya namba.

La pili, muda wa kulazwa. Mie wa Kilifi umesema kukaa sana kunaleta maambukizi. Ni kweli, lakini maambukizi nayo yanamfanya mtu akae sana. Ukichukua orodha ya waliolazwa wiki tatu ukakuta wengi wameambukizwa, hujajua kipi kilitangulia. Lazima uhesabu siku kabla ya ambukizo, si siku zote.

La tatu na kubwa: anayepimwa ndiye anayeonekana. Kuotesha usaha au damu kuna gharama. Mwenye bima homa ikipanda anapelekewa sampuli maabara, inatoka Klebsiella, anaandikwa. Asiye na kitu anabadilishiwa dawa kwa kubahatisha, akifa inaandikwa "sepsisi", yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini bila kutaja kimelea, au ugonjwa aliokuja nao. Ukilinganisha hospitali kwa karatasi, hospitali isiyo na maabara ya kuotesha ndiyo safi kuliko zote Tanzania. Kwa hiyo mkiona jedwali linalosema wenye bima wanaambukizwa zaidi, msishangilie wala msishtuke, ulizeni kwanza nani alichukuliwa sampuli.

#13 Mie wa Kilifi

Hapo kweli Bwana Hesabu. Ndiyo maana hesabu za Kilifi huwa naziamini, kila mtoto alitolewa damu, wa tajiri na wa maskini.

#14 Dada wa Zamu

Bwana Hesabu karibu wodini siku moja. Mimi nikijaza fomu ya maabara naulizwa kwanza "ndugu wamelipia?" Sijazi tena kama najua jibu.

#15 Kipimajoto

Bwana Hesabu nimekuelewa, na la siku kabla ya ambukizo nalichukua.

Kwa wanaouliza kama kuna matumaini, nitataja moja tu. WHO walifanya mradi kwenye hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe, matokeo yakachapishwa 2018. Upasuaji zaidi ya 4,000. Hawakujenga jengo jipya wala kumpa mgonjwa mshahara. Mgonjwa aoge kabla ya upasuaji, asinyolewe kwa wembe, ngozi isafishwe kwa dawa inayofaa, antibayotiki itolewe kabla ya kukata na si kugawiwa siku saba baadaye, mikono isuguliwe kwa spiriti iliyotengenezwa hapohapo nchini, watu wapunguze kuingia na kutoka thieta. Maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8. Wagonjwa walikuwa walewale, na nauli zao zilezile.

Upande wa pili kuna utafiti wa upasuaji wa tumbo wa nchi 66, mwaka huohuo: nchi zenye maendeleo ya juu maambukizi asilimia 9.4, za kati 14, za chini 23.2. Pengo lipo, na hata walipozingatia hali za wagonjwa halikufutika.

Kwa hiyo mimi mwezi ujao naomba vitu vitatu kwenye kikao. Daftari la thieta liongezwe safu ya mahali mgonjwa alikopitia kabla ya kufika na saa chupa ilipopasuka. Kila anayeruhusiwa aandikwe namba ya simu, yake au ya jirani, apigiwe siku ya kumi na siku ya thelathini. Na ndugu mmoja wa kila mgonjwa apewe somo la dakika kumi siku ya kulazwa, pamoja na kopo la spiriti mkononi, kama mfanyakazi, maana ndivyo alivyo.

#16 Dada wa Zamu

La ndugu nakuunga mkono kwa mikono miwili. La daftari, nani anajaza? Na vocha ya kupiga simu inatoka fungu gani? Usiniambie "watumie simu zao", tulishapita huko.

#17 Kipimajoto

Fungu la chanjo lina muda wa maongezi unaobaki kila mwezi, nimeshaongea na mhusika. Daftari nitaanza nalo mimi, wodi ya wazazi tu, tuone.

#18 Mama Njiti

Mkipiga, msiulize "kidonda kinaendeleaje?" Kila mtu atajibu "namshukuru Mungu". Ulizeni kinatoa maji? Kinanuka? Umepata homa? Nguo inagandia?

#19 Kipimajoto

Dada hili nalinakili lilivyo.

#20 Seremala wa Buguruni

Wakuu nina swali nje kidogo. Mama yangu mdogo anapasuliwa ngiri Jumatano ijayo, miaka 61, mnene kiasi, hospitali ya serikali. Sisi ndugu tufanye nini?

#21 Dada wa Zamu

Aoge mwili mzima kwa sabuni usiku wa Jumanne na asubuhi ya Jumatano. Asinyoe kwa wembe nyumbani hata akiambiwa na shoga yake. Wembe unachanja ngozi, na vichanjo ndivyo vinavyoingiza bakteria. Nywele zikihitajika kutolewa zitakatwa palepale. Kama anatumia ugoro au sigara aache leo. Muulizeni daktari kwa adabu kama dawa ya kuzuia maambukizi itatolewa kabla ya kukata, na asiwekewe mpira wa mkojo kama hauhitajiki. Auguzwe na mtu mmoja mmoja kwa zamu, siyo ukoo mzima, na kila mmoja awe na kitambaa cha mama tu.

Amewahi kupimwa sukari?

#22 Seremala wa Buguruni

Sijui. Nadhani hapana.

#23 Dada wa Zamu

Mpelekeni kesho asubuhi kabla hajanywa chai. Ikiwa juu mwambieni daktari mapema. Ngiri isiyobana inaweza kusogezwa wiki mbili sukari ishuke kwanza.